Chumba cha Pamba

Nyumba ya Nyamburi ina vyumba vitatu, na kila mwaka mvua zikikatika kimoja kinachukuliwa na pamba. Ndivyo ilivyokuwa tangu aolewe katika kijiji hicho, pembeni mwa barabara ya Bunda kwenda Kisorya, na ndivyo ilivyo kwa majirani zake. Pamba ikishavunwa hailali nje. Ikinyeshewa inabadilika rangi, na mnunuzi akiona doa anaiita fifi na kuishusha daraja. Kwa hiyo inamwagwa ndani, lundo linapanda mpaka karibu na bati, na watoto wanalala humo humo, juu yake, wakati wazazi wanasubiri msimu wa ununuzi ufunguliwe. Hakuna godoro dukani linalofikia ulaini ule. Asubuhi ya baridi mtoto anatoka humo ana joto kama kiazi kilichotolewa kwenye jivu, nyuzi nyeupe zimemganda nyweleni, na mama yake anamcheka kwamba ameota mvi.

Kulala kwenye pamba si adhabu hata kidogo. Watoto wanagombania. Anayependwa ndiye anayewekwa katikati, panapobonyea vizuri, wengine wanajibana ukutani. Kwa hiyo Sara alipoletwa, Nyamburi hakujiuliza mara mbili pamba ikija atamlaza wapi.

Sara alikuwa na miaka sita. Mama yake, Ursula, ndiye binti pekee ambaye Nyamburi alimzaa, na alifia Musoma akiwa anajifungua, yeye na kichanga chake. Alikuwa anaishi huko, mtaa wa Mukendo, na mume wake, Gody, kwenye chumba na sebule vya kupanga vyenye sakafu ya vigae. Sakafu hiyo Ursula aliideki asubuhi na jioni, mpaka majirani wakamtania kwamba anatafuta dhahabu humo. Baada ya mazishi Gody alirudi Buhemba kwenye mashimo ya dhahabu, na mashimoni si mahali pa kulelea mtoto. Dada yake Gody, Marcelina, mwanamke mwenye duka dogo Butiama ambaye hakujaliwa mtoto, alisema atamchukua Sara. Nyamburi akakataa. Alisema amemwacha binti yake kaburini, hawezi kurudi nyumbani kwake mikono mitupu. Wazee wa msiba wakaona ana haki, na Marcelina akanyamaza.

Sara akaja Bunda na begi la nguo, na ndani ya begi kulikuwa na kichupa cha kuvuta dawa, cha bluu. Gody alikuwa ameeleza mbiombio, katikati ya watu na turubai zinazofunguliwa, kwamba mtoto akibanwa kifua avutishwe hicho. Nyamburi aliitikia. Lakini Rhobi, jirani yake wa karibu, mwanamke asiyekosa neno kwa jambo lolote, alimwambia kwamba hiyo dawa inazoesha. Ukishaianza kifua kinakuwa kizembe, hakifanyi kazi mpaka kipulizwe, kama tairi lenye pancha. Nyamburi akakifunga kichupa kwenye kitambaa na kukiweka chini kabisa ya sanduku. Miezi ikapita, Sara akaingia shule, akakimbia na wenzake, akanenepa. Nyamburi akaona Rhobi amesema kweli.

Mwezi wa tano wakaanza kuchuma. Chumba kikajaa, na Sara akapewa katikati. Nyamburi mwenyewe alimchimbia kitanda kwenye lundo kwa mikono yake, akalitandika shuka la Ursula, na mtoto akajirusha humo akicheka. Jumamosi iliyofuata Marcelina akaja kumtembelea, ameleta sweta la shule na mkate mkubwa. Akambeba mtoto, akamsifu alivyokua, akarudi Butiama kesho yake. Kabla wiki haijaisha Sara akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha alfajiri, halafu kikaongezeka sauti kama ya filimbi kifuani. Nyamburi alimchemshia majani, akampaka mafuta ya taa mgongoni, akamfunika zaidi. Na kwa kuwa aliona mtoto anatetemeka kwa uchovu, akamchimbia shimo refu zaidi kwenye pamba, asiguswe na upepo. Mchana, wakiwa shambani au shuleni, Sara alipata nafuu. Marcelina akaja tena, akalala pale siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote.

Nani alikuwa wa kwanza kulitamka? Rhobi alisema baadaye ni Nyamburi, na Nyamburi aliwahi kusema ni Rhobi, lakini moyoni alijua kwamba Rhobi aliuliza tu huyo shangazi anakujaga lini, na hesabu iliyobaki aliifanya yeye. Mwanamke asiye na mtoto. Mwanamke aliyemtaka huyu mtoto akanyimwa. Akija, mtoto anaugua. Akiondoka, mtoto anabaki anaugua. Wazo lile lilimwingia na likakaa, na lilikuwa na utamu wake, kwa sababu lilimwonyesha adui, na mtu aliyezika binti yake bila kuwa na wa kumlaumu anaweza kumhitaji adui kuliko chakula.

Mwezi wa sita sala ya jumuiya ya kanisa ilikuwa zamu ya kwa Nyamburi. Akaomba sala ya siku ile iwe ya kumwombea Ursula, na Marcelina akaalikwa kama mkwe, akaja. Walisali vizuri, wakala. Matiko, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye pia ndiye katibu wa chama cha msingi kinachonunua pamba, akauliza kama kuna mwenye neno. Nyamburi akasimama. Alisema anamshukuru Mungu kwa yote, ila kuna mtu anaingia nyumbani kwake na jicho lisilo zuri, na anaomba mtu huyo amwachie mtoto wa marehemu. Hakutaja jina. Aligeuka tu akamtazama Marcelina, na watu wote wakageuka naye.

Marcelina alikusanya vyombo alivyokuwa anaosha, akavifunika vizuri, akachukua mkoba wake akatoka. Mtu mmoja alisema polepole kwamba asiye na hatia angejitetea. Nyamburi alisikia maneno hayo na akayapenda.

*

Wiki kadhaa zilipita. Ununuzi ulichelewa mwaka ule, bei ilikuwa haijatangazwa, na pamba ikaendelea kukaa. Ilishaanza kutoa ile harufu nzito ya kitu kilichofungiwa, na panya walikuwa wamejenga chini yake. Sara alikuwa haendi shule tena kila siku. Marcelina hajakanyaga pale, na mtoto bado anabanwa. Hilo lilipaswa kumwambia Nyamburi kitu. Lakini Rhobi alisema jicho likishatupwa limeshatupwa, mtupaji hahitaji kuwepo, na Nyamburi akakubali.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linatoka, pikipiki ikasimama uani na Marcelina akashuka. Gody alikuwa amempigia simu mtoto wake, akamsikia anavyohema, akamwomba dada yake aende hata kama atafukuzwa. Ndani ya nyumba Sara alikuwa amekaa juu ya pamba, mikono ameikaza magotini, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kulia kwa sababu kulia kunahitaji pumzi.

Nyamburi akasimama mlangoni.

"Humgusi huyu mtoto," alisema. "Umemmaliza mama yake, haijakutosha?"

Hata alipokuwa anasema alijua kwamba la Ursula hakuwahi kuliwaza kabla ya dakika ile. Lilitoka tu. Marcelina alishika fremu ya mlango, hakumsukuma. Alijaribu kuchungulia pembeni yake, na Nyamburi akahamia upande ule ule. Wakawa hivyo, wanawake wawili wanazuiana kama mbuzi kwenye kijia chembamba, na mwenye pikipiki anatazama. Ulikuwa muda mfupi. Lakini Nyamburi ameshaurudia muda huo kichwani mara nyingi sana, na kila akiurudia unakuwa mrefu.

"Mama," alisema Marcelina, "nitukane tukiwa njiani. Tazama midomo yake."

Nyamburi akageuka. Midomo ya Sara ilikuwa na rangi ya majivu.

Wakapanda pikipiki wote, Marcelina amempakata mtoto katikati, Nyamburi nyuma kabisa ameshika chuma. Hospitali ya Bunda wakamvisha Sara kinyago chenye mvuke wa dawa, na baada ya muda kile kifua kikalegea, mtoto akafumbua macho akaomba chai. Nyamburi aliona kama wamemfufulia mjukuu. Walilazwa, kisha wakaambiwa wampeleke Musoma akaonwe na daktari wa watoto. Wakaenda wote watatu. Nyamburi na Marcelina hawakusemeshana ila kwa yale ya lazima, shika begi, leta maji.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, ana kalamu nyuma ya sikio. Alimsikiliza Sara mgongoni na kifuani, akasema ni pumu, jina ambalo Nyamburi alilijua lakini alidhani ni la wazee. Kisha akaanza kuuliza. Mnapikia nini? Kuni. Jikoni ni nje au ndani? Nje. Kuku wanalala wapi? Wana banda lao. Kabla ya hapo alilelewa wapi? Mjini, kwenye nyumba ya vigae. Nyamburi alikuwa anajibu vizuri, anaona anafaulu. Daktari akauliza mtoto analala wapi.

Nyamburi alijiweka sawa kwenye kiti. Swali hilo alilipenda, maana alitaka ijulikane, na hasa mbele ya Marcelina, kwamba mjukuu wake hakuwa analazwa ovyo.

"Analalaga juu ya pamba, daktari," alisema. "Tena katikati. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwangu. Nimemchimbia mimi mwenyewe, hata upepo haumpati."

Daktari aliacha kuandika. Aliuliza pamba imo ndani tangu lini. Tangu mwezi wa tano. Na mtoto alianza kukohoa lini. Nyamburi alifungua mdomo ajibu, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa lile lile. Akaufunga.

Daktari hakumkaripia, na hilo lilimwumiza zaidi. Alieleza taratibu kwamba pamba haikumpa mtoto huu ugonjwa, kifua chake kilikuwa chepesi tangu azaliwe, lakini kuna vitu vinakiwasha kikajikaza: vumbi la pamba, ukungu unaoota pamba ikivundia, mikojo ya panya, wadudu wadogo wasioonekana, moshi. Watoto wengine hulala humo utoto wao wote wasidhurike. Huyu si mmoja wao. Alikulia kwenye nyumba inayodekiwa, akatolewa huko akaingizwa ndani ya vumbi lenyewe, na kila alipozidiwa akaingizwa ndani zaidi. Akauliza kama hakuwa na dawa ya kuvuta. Nyamburi akasema alikuwa nayo. Iko wapi? Iko sandukuni. Daktari akasubiri aeleze kwa nini, na Nyamburi akatazama viatu vyake.

"Kwenye ukoo kuna mwingine mwenye tatizo hili?" daktari aliuliza.

"Hakuna," alisema Nyamburi.

Marcelina akainua uso, kisha akauinamisha tena kwa mtoto.

Marcelina alisema walipotoka nje, wamekaa kwenye benchi la korido wakisubiri dawa, Sara amelala mapajani mwake.

"Ursula alikuwa nayo, mama."

Nyamburi alimwambia asimsingizie marehemu. Ursula alikuwa mzima kabisa, hakuwahi kulazwa hata siku moja.

"Hicho kichupa walikuwa wanakitumia wote wawili, yeye na Sara. Kule Mukendo akikaa bila vumbi alikuwa anamaliza hata miezi hajakigusa. Akija kwako msimu wa pamba anabanwa usiku huo huo. Ndiyo maana alikuwa anaondoka kesho yake."

Na Nyamburi alikuwa amezikumbuka safari hizo kwa hasira miaka yote. Binti anakuja na zawadi, analala mara moja, asubuhi anatafuta sababu ya kurudi mjini. Alikuwa amewaambia majirani kwamba Ursula ameona vigae, sasa anamwonea kinyaa mama yake.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

Marcelina alikuwa anamtoa Sara nyuzi za pamba nyweleni, moja moja, na kuziviringa kidoleni.

"Alikwambiaga alipokuwa mdogo," alisema. "Alisema ulimchapa."

Hapo Nyamburi aliyaona yote wazi. Ursula ana miaka minane au tisa, anaburuta mkeka wake kutoka chumba cha pamba kwenda kulala barazani, anasema humo ndani hapumui. Na yeye Nyamburi, amechoka na kuchuma, anaona mtoto mwenye deko anayekataa kilicho kizuri na kuwachafua mbele ya wageni, anavunja fimbo ya mchongoma. Haikuwa mara moja. Ursula alichapwa mpaka akajifunza kulala humo bila kusema. Na watu wakimsifu Nyamburi kwamba binti yake ana adabu, alikuwa anaitikia asante.

Alitaka kulia lakini aliona haya kulia mbele ya Marcelina, kana kwamba na hilo hana haki nalo. Akainuka kwenda kuuliza dawa, wakati hakuna aliyewaita.

*

Gody alisema kwa simu kwamba mtoto aende Butiama. Alisema kwa heshima, akamwita Nyamburi mama kama siku zote, lakini hakuuliza. Nyamburi akajibu sawa. Walipofika Makutano, pale anaposhuka abiria wa Butiama, ndipo alipoona kweli Sara anaondoka. Akamshika Marcelina mkono akamwuliza kama ataruhusiwa kuja kumwona. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa ndogo.

Marcelina alimtuma Sara akachague muwa kwa muuzaji aliyekuwa hatua chache kando. Mtoto alipotoka akasema:

"Unajua tangu siku ile, nikipita kwenye watoto wa watu natazama chini? Hata kule Butiama yamefika. Kuna mama mteja wangu, ameacha kumtuma mtoto wake dukani." Akamtazama Sara kwa muuza miwa. "Mimi sikudai chochote, mama. Lakini ulisema mbele ya watu. Ukayatoe pale pale ulipoyaweka, mbele ya watu. Ndipo uje."

Nyamburi alirudi Bunda na maneno hayo. Kwa siku nyingi alikuwa na sababu. Jumuiya haikukutana wiki ile. Iliyofuata kulikuwa na msiba wa mtu mwingine. Rhobi alipomwuliza habari za mtoto, alisema anaendelea vizuri, akaingia ndani. Jioni alikuwa anasimama kwenye mlango wa chumba cha pamba anakitazama. Kwenye lundo bado palikuwa na lile bonde alilolichimba, la ukubwa wa mtoto, na hakuweza kulifukia wala kulitazama.

Bei ikatangazwa mwishowe, na siku ya mizani vitongoji vyote vilikusanyika kwenye ghala la chama. Wote waliokuwepo kwenye ile sala walikuwepo, na wengine zaidi. Nyamburi alipanga foleni na mizigo yake, akapimiwa, na Matiko akaita jina linalofuata. Yeye hakutoka kwenye mizani.

"Mama, sogea," alisema Matiko. "Au unataka nikupime na wewe?"

Watu wakacheka. Nyamburi akasema ana neno. Matiko akatania kwamba uchaguzi bado, kampeni haziruhusiwi ghalani, na watu wakacheka tena. Alisubiri wamalize. Akaikaza khanga yake.

"Siku ile kwangu nilisema Marcelina ana jicho," alisema. "Hana. Nilimsingizia. Sara ana pumu, na kilichokuwa kinambana ni chumba changu cha pamba. Mimi ndiye nilimlaza humo. Marcelina ndiye alimpeleka hospitali, na mimi nilimzuia mlangoni."

La Ursula alikuwa amepanga kulisema pia. Hilo hakulitoa.

Rhobi, aliyekuwa amekalia mzigo wake, ndiye alianza.

"Pamba hii hii? Mbona wangu watano wamelalia hiyo hiyo na wamenona kama ndama?"

"Daktari amesema wengine haiwadhuru," alisema Nyamburi. "Huyu inamdhuru."

"Ehee. Basi inachagua, kama jicho."

Kicheko kikapita. Mzee mmoja aliuliza, si kwa ubaya, kwamba sasa hiyo pamba waiweke wapi, nje inyeshewe? Au watoto ndio walale nje? Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alianza kuuliza kitu, akamtazama mama mkwe wake, akaacha. Matiko akagonga mizani kwa kalamu, akasema wamesikia, Mungu ambariki kwa kusema kweli, aliye nyuma aje. Nyamburi alipokuwa anapita katikati yao kutoka, alisikia Rhobi anamwambia jirani, bila hata kushusha sauti sana, kwamba masikini, na yeye ameshafungwa mdomo. Huyo shangazi si wa mchezo.

Alitembea mpaka nyumbani akilifikiria hilo. Alikuwa ameamini kwamba aibu ndiyo bei, na kwamba ukishailipa unarudishiwa kitu. Sasa aliona maneno aliyoyatoa mwezi wa sita yalikuwa yameshapata miguu yake, yanakwenda yanakotaka, na ya leo yamekuja nyuma yake yanachechemea.

*

Hata hivyo alikwenda Butiama. Chumba kilikuwa kitupu sasa, amekifagia, amekideki kwa maji na dawa, ingawa hakuna aliyemwomba. Alioga vizuri, akavaa gauni lake la kanisani, akamfungia Sara karanga. Njiani alikuwa anajaribu maneno ya kusema, na alipofika hakutumia hata moja.

Marcelina alitoka kumpokea mlangoni. Sara alikuwa ndani, upande wa duka, sauti yake inasikika, anamhesabia mteja chenji kwa makosa na kusahihishwa na mteja mwenyewe.

"Nimeyasema," alisema Nyamburi. "Mbele ya watu, kwenye mizani. Lakini wengine hawakuamini, sitakudanganya. Wanasema umenifunga mdomo."

"Najua. Nilipigiwa simu jioni ile ile."

"Sijui nifanye nini zaidi."

Marcelina alimtazama kuanzia juu mpaka chini, na Nyamburi aliposogea aingie, akanyoosha mkono ukamzuia kwenye kizingiti. Basi ni hivi, alifikiri Nyamburi. Na ni haki yake.

"Hilo gauni lilikuwa linatundikwa wapi?" Marcelina aliuliza.

Nyamburi alijitazama. Kwenye upindo, kwenye mikunjo ya kwapani, kwenye kola, nyuzi ndogo nyeupe zilikuwa zimeng'ang'ania. Msimu mzima gauni lilikuwa limening'inia kwenye msumari ndani ya nyumba ile ile. Alikuwa amekuja na pamba mpaka mlangoni.

Marcelina akaingia ndani akarudi na kitenge, kimekunjwa, kinanuka sabuni, na blauzi yake mwenyewe. Akamwonyesha bafu lililoko nyuma ya nyumba, akamwambia gauni aliache huko huko nje kwenye kamba. Hakusema kwa ukali wala kwa upole. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni viatu vinaachwa wapi.

Nyamburi alivua nguo yake kwenye bafu la mwanamke aliyemwita mchawi, akavaa za mwanamke huyo. Blauzi ilimbana mabegani. Alitoka akiwa ameishika kwa mbele, akapita uani watu wa jirani wakimtazama, akaingia kwa mlango wa nyuma. Sara alikuwa ameshasikia sauti yake, amesimama katikati ya chumba, anahema kama watoto wote wanavyohema, bila sauti yoyote.

"Bibi, mbona umevaa nguo za shangazi?"

Nyamburi aligeuka kwanza kwa Marcelina.

"Nimshike?"

"Kanawe na mikono," alisema Marcelina, na akaenda kumwekea maji.